Sumu Kwenye Kihesabu

Nilimjibu mzee yule kwa maneno mawili: Si kosa. Nayasema mapema ili usije ukadhani nasimulia habari ya mashine mbovu. Mashine haina lawama hapa. Mwenye lawama ni mimi, Hiske Douma, mwalimu wa hesabu hapa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, niliyejiona najua kusoma kuliko watu wote.

Kazi yenyewe haikuwa ya mshahara. Mimi na Reinder, rafiki yangu tangu chuo, tulikuwa mwaka wa sita tukijenga kompaila ya Algol. Kompaila ni programu inayosoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza. Sehemu ya nyuma, ile inayozungumza na mashine, wenzetu walikwisha kuitengeneza zamani, nayo ni huria, kila mtu anajichotea. Sisi tulitengeneza sehemu ya mbele, yaani msomaji, anayejua Algol na si kingine: lugha ya mwaka 1960 ambayo wengi walioiandikia programu wamekwisha kuzikwa. Watu walipotuuliza ya nini, Reinder aliwajibu kwamba kuna wanaofuga njiwa.

Lugha ile ina andiko lake la sheria, si refu, nasi tunaliita Waraka. Reinder anauheshimu Waraka kama mtu anavyomheshimu mama mkwe, kwa mbali. Mimi niliujua kwa moyo, kifungu kwa kifungu, na nilipenda watu wajue kwamba naujua.

Sasa nivumilie kwa jambo moja la ufundi, moja tu, maana kila kitu kimeshikwa na hilo. Katika Algol unaweza kuiambia kompyuta: hesabu kuanzia moja hadi tano, na kwa kila namba fanya jambo fulani. Huo tunauita mzunguko. Mzunguko ukiisha, kihesabu kimebaki na namba gani? Mtu wa kawaida atasema sita, kwa kuwa kimeipita tano ndipo kikasimama. Kompaila za zamani nyingi zilikiacha hivyo, sita. Lakini Waraka, kifungu cha 4.6.5, unasema kwamba mzunguko ukiisha wenyewe, thamani ya kihesabu haijulikani, na mwandishi asiitegemee.

Nikaona watu wafundishwe adabu. Nikaandika mistari minne tu: mzunguko ukiisha, kihesabu kitiwe sumu. Ndivyo tunavyoiita kazini. Ni namba ya ajabu, bilioni mbili na ushee chini ya sifuri, ili mtu atakayeitegemea aone programu yake inaharibika mara moja, ashtuke, ajirekebishe.

"Iwekee swichi," Reinder aliniambia. "Anayetaka kupimwa aiwashe mwenyewe. Wengine waachie sita yao."

"Sita yao ni haramu."

"Hiske, wewe umekosa mimbari tu. Ungekuwa mchungaji, kanisani wangebaki watu watatu, na hao watatu ni viziwi."

Nilicheka, nikaiacha sumu bila swichi. Toleo likatoka mwezi Mei. Ghala letu la mtandaoni huonyesha toleo limechukuliwa mara ngapi, na hadi Agosti lilikuwa limechukuliwa mara arobaini na moja. Hatukujua hata mmoja wa waliochukua ni nani. Programu huria ndivyo ilivyo: unaiweka kibarazani, watu wanapita wanabeba, wewe huoni sura.

Mmoja tu kati ya hao alituandikia. Alijiita E.N., akafungua taarifa ya hitilafu, namba 412. Aliandika kwa adabu, kama watu wanavyoandikia ofisi za serikali, akasema programu yake ya zamani inachapa namba ngeni, isiyo ile iliyokuwa ikichapwa na mashine ya kale iliyokufa majira ya kuchipua. Akaambatisha programu nzima, mistari mia tisa na zaidi.

Sisi tuna desturi, na kila anayefanya kazi hii duniani anayo: hatusomi programu ya mtu yote. Mwenye tatizo aikate, aikate tena, mpaka ibaki mistari michache mno ambayo bado inaonyesha tatizo. Ni desturi nzuri. Bila hiyo tungezama. Nikamwandikia: Hatusomi mistari mia tisa. Leta mfano mfupi kabisa.

Alichukua siku tisa. Sasa najua kwa nini, mtu wa miaka sabini na sita kukata programu ambayo hakuiandika yeye. Akarudi na mistari sita. Mzunguko wa moja hadi tano, kisha kuchapisha kihesabu. "Mashine ya zamani ilisema 6," aliandika. "Yenu inasema hii namba ndefu. Ipi ni sahihi?"

Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yangu na nilikuwa na hasira za kurudi shuleni. Nikajibu: Si kosa. Waraka, 4.6.5. Programu yako ndiyo yenye kosa. Halafu nikaifunga taarifa. Hapo nilivunja kanuni niliyoitunga mwenyewe, kwamba taarifa hufungwa na aliyeifungua, akisharidhika. Niliitunga kwa sababu ya wababe fulani kwenye miradi mingine waliozoea kuwafungia watu midomo.

Kesho yake E.N. akaandika mara ya mwisho. "Asante kwa jibu. Aliyeiandika hakuwa mtu wa kukosea, lakini nyinyi ndio wataalamu."

Sikulifikiria tena hadi Novemba.

Jumamosi ile upepo ulikuwa siku ya tatu ukitoka kaskazini magharibi, nao ni upepo mbaya kwetu, unaisukuma bahari kwenye kona yetu na kuishikilia hapo. Zaidi ya hayo ilikuwa bamvua, siku za maji makuu. Redio ilikuwa ikisema tangu asubuhi kwamba wakati wa kupwa umepita mara mbili na bahari haikupwa. Mvua nayo ilikuwa hainyeshi chini, inanyesha pembeni. Reinder alikuja saa sita mchana akiwa amelowa kama mbwa, kabeba mkate wa tangawizi chini ya koti, tukakaa jikoni kwangu kuandaa toleo jipya. Nilikuwa na sufuria ya supu ya njegere jikoni. Kazi ya Reinder siku hiyo ilikuwa kupitia taarifa za zamani.

"Hii 412," alisema mdomo umejaa mkate. "Umeifunga wewe? Kanuni yako mwenyewe, mwalimu?"

"Ilikuwa upuuzi. Kihesabu baada ya mzunguko."

"Na kiambatisho cha kwanza uliwahi kukifungua?"

"Mistari mia tisa? Wewe ungekifungua?"

 Alikuwa amekifungua, anasoma, na taratibu akaacha kutafuna. Namjua Reinder miaka ishirini na mitano. Mtu yule haachi kutafuna mkate wa tangawizi bila sababu.

"Mlango wa bahari," akasoma kwa sauti. "Mlango wa bahari moja hadi tano. Kina nje. Kina ndani. Pampu." Akainua macho. "Hiske, hili si zoezi la shule. Hii ni nyumba ya pampu. Hii ni polda ya mtu."

Nikavuta kiti. Juu kabisa ya programu palikuwa na maelezo ya mwandishi, kwa Kiholanzi safi: Polda ya Skarlân, 1974, T. Nauta. Skarlân ni mahali padogo huko kaskazini kabisa, nyuma ya ukuta wa bahari, nyumba kumi na moja na shamba moja la ng'ombe, ardhi yote chini ya usawa wa bahari; ardhi kama hiyo, iliyokaushwa kwa pampu, ndiyo polda. Nilipita pale mara moja kwa baiskeli nikiwa msichana.

Tukasoma pamoja, kidole changu kwenye kioo. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, niseme kweli, vizuri kuliko tunavyoandika sisi. Bahari ikipanda, programu inafunga milango mitano ya kutolea maji. Kisha inazunguka, inauliza mlango wa kwanza, umefunga? Wa pili, umefunga? Usiofunga, king'ora kinalia na programu inatoka hapo hapo. Ikiwa yote mitano imejibu vyema, mzunguko unaisha wenyewe, na kihesabu kimefika sita. Na ndipo, kikiwa sita, pampu zinawashwa kuyatoa maji ya mvua juu ya ukuta, kwa kuwa sasa hayana mlango wa kupitia.

Kikiwa sita. Si zaidi ya tano, wala si chini ya saba. Sita barabara.

"Na sumu yako?" Reinder aliuliza, ingawa alijua.

"Haiwi sita kamwe."

"King'ora?"

"Hakitalia. King'ora ni cha mlango uliogoma. Milango imefunga yote. Kila taa itakuwa ya kijani." Nilikuwa nasikia sauti yangu ikitoka mbali. "Pampu hazitawaka, basi. Polda itajaa kwa ndani, na hakuna kitakachosema neno."

"Lakini tangu Mei..."

"Tangu Mei bahari imekuwa ikipwa. Ikipwa, milango inafunguliwa, maji yanajiendea. Pampu ni za siku kama ya leo."

 Nje takataka za jirani zilikuwa zikipita barabarani zenyewe. Siku tatu za mvua, na milango haijafunguliwa tangu Ijumaa alfajiri.  Nilitaka kitu kimoja tu, nimpate huyo E.N. kabla maji hayajaingia kwenye nyumba za watu.

Reinder alikuwa amekwisha kuona kile nilichokipita. Chini ya jina la T. Nauta palikuwa na namba ya simu ya mwaka 1974, tarakimu tano tu. "Wazee wa huko hawabadilishi namba," alisema. "Tia za mbele za siku hizi, ujaribu." Nikajaribu. Ikaita mara saba.

"Nauta."

"Mzee Nauta? Naitwa Hiske Douma. Mimi ni wa ile kompaila ya Algol. Ulituandikia Agosti."

"Ahaa!" Akacheka, sauti ya mtu mwenye kifua kizito. "Binti Si Kosa! Bado nimekuweka ukutani, nimekuchapa kwenye karatasi. Karibu, karibu. Leo umenikumbuka na upepo huu?"

"Mzee, uko kwenye nyumba ya pampu?"

"Nitakuwa wapi tena? Naishi jirani nayo. Eelke Nauta wa pampu, muulize yeyote."

"Pampu zinafanya kazi?"

"Bado. Taa zote za kijani, milango yote imefunga. Zikitaka zitawaka zenyewe."

"Hazitawaka, mzee." Nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini. "Hebu niangalizie maji ya ndani yamefika wapi."

Akaiweka simu mezani. Nilisikia mlango, upepo ukaingia na kutoka, halafu akarudi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Yamepita alama nyekundu. Yako bustanini kwa akina Hoitinga, kabichi zote hazionekani. Nilikuwa nimekaa hapa nakunywa kahawa yangu natazama taa za kijani. Nikasema labda kina cha ndani hakijatosha, labda nyinyi mmebadilisha kitu, mimi najua nini."

"Kuna namna ya kuziwasha kwa mkono?"

"Ipo. Swichi kubwa tatu, ziko kule chini kwenye pampu zenyewe."

"Basi nenda kaziwashe. Sasa hivi, mzee wangu, usingoje kitu."

Kule chini. Alilisema, nami nililisikia, na likapita. Kichwani mwangu mlikuwa na kihesabu na zile nyumba kumi na moja. Sikuuliza chini ni wapi, wala maji yaliyofika bustanini yangekuwa yamefika wapi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya pampu. Kwa mara ya pili nilimjibu yule mzee bila kusoma yote.

Yeye hakuondoka mara moja. "Niambie kwanza," alisema. "Tjitske alikosea?"

"Nani?"

"Mke wangu. T. Nauta. Aliiandika mimba ya binti yetu ikiwa ya miezi minane, daftari juu ya tumbo. Miaka arobaini na tisa haijawahi kutuangusha. Nyinyi mkasema ina kosa, na yeye hayupo wa kuulizwa, kafariki mwaka juzi. Nimelala na neno hilo tangu Agosti, binti."

Ningeweza kumwambia habari za 4.6.5. Niliona aibu hata kuufikiria Waraka.

"Hakukosea, mzee. Nimekosea mimi."

"Basi kaandike hivyo," alisema. "Pale pale kwenye ile taarifa, watu waone. Usikate simu, nikipanda nitakusomea kipimo."

Nilisikia buti, mlango wa chuma, kisha ngazi za chuma, hatua moja moja, mtu mzito anayeshuka kwa uangalifu. Reinder alikuwa ameegemeza sikio karibu na langu. Baada ya hapo upepo tu. Nilihesabu bila kutaka, kama tunavyofanya darasani tukisubiri watoto wanyamaze.

Kisha pampu ya kwanza ikaamka. Ilianza na mguno, ukapanda, ukatulia kwenye mvumo mmoja mzito. Ya pili ikafuata. Reinder akapiga meza kwa ngumi. "Mzee! Mzee mwenyewe!" Nikamkumbatia nikilia na kucheka, simu iko katikati yetu. Ya tatu ikaguna, ikapanda, pakalia mshindo mfupi mkavu, ikanyamaza. Mbili zikaendelea kuvuma.

"Tatu haikushika," Reinder alisema. "Si neno, mbili zinatosha."

Tukasubiri hatua kwenye ngazi.

"Mzee Nauta?" nilisema kwenye simu. Nilijua simu iko mezani na yeye yuko chini, hawezi kunisikia. "Mzee Eelke?" Nikapaza sauti. Nikapiga kelele hata supu ikaungua na hakuna aliyeinuka kuizima. Reinder alichukua simu yake ya mkononi akaenda ukumbini kuwapigia wa uokoaji, nikamsikia akiwatajia jina la mahali herufi kwa herufi. Wakamwambia barabara ya huko ina miti iliyoanguka, watachelewa. Mimi sikukata. Aliniomba nisikate. Nilikaa dakika hamsini na mbili nikisikiliza pampu mbili zikivuma vizuri, vizuri kabisa, mpaka sauti ya mwanamume mwingine ikasema, "Nani huko?" Alikuwa Hoitinga wa kabichi, amevuka na mashua yake ya kuwindia bata.

Maji ya chumba cha chini yalikuwa yamefika kifuani. Swichi ya tatu ilikuwa imelowa. Hoitinga alisema Eelke alijua hilo, mtu wa pampu hawezi asijue, ya kwanza na ya pili alizibonyeza kwa ufito wa ufagio. Ufito ulivunjika, na ya tatu akaibonyeza kwa mkono, umeme ukamuua.

Hadi Jumatatu Skarlân ilikuwa imekauka. Hakuna nyumba hata moja iliyoingia maji sebuleni. Kwenye mazishi nilikaa nyuma, na binti yao, yule wa mimba ya miezi minane, alinijia akanishukuru kwa kupiga simu. Nilimweleza yote, kosa la kwanza na la pili, tukiwa tumesimama na vikombe vya kahawa mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakiweka kikombe chake chini, akaondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Sumu niliiondoa usiku wa kuamkia Jumapili, mistari minne niliyoiandika kwa kujisifu. Kihesabu sasa kinabaki sita. Kisha nikaifungua tena 412 na kuandika alichoniagiza, kwamba Tjitske Nauta hakukosea, nimekosea mimi, na jina langu kamili. Toleo la Mei tuliliondoa ghalani, tukaweka tangazo kubwa jekundu. Watu wawili wamelisoma. Wale wengine waliochukua hawajasema kitu, hatujui wako wapi wala wanaendeshea nini, na kila upepo ukigeuka Reinder hunipigia simu kuniuliza kama kuna aliyeandika.

Taarifa bado iko wazi. Wageni kwenye mradi huuliza kwa nini hatuifungi ilhali rekebisho limekwisha kuingia, nami nawaonyesha kanuni: hufungwa na aliyeifungua. Tuna roboti ndogo inayowakumbusha wenye taarifa zilizolala. Kila tarehe kumi na nne humwandikia E.N. kumuuliza kama tatizo bado lipo. Roboti hiyo niliitengeneza mimi, na sijaizima.